Farasi wa Nyongeza: Nguvu za Injini Ndogo kutoka Safari ya 1953 hadi Daraja la Kigongo

Hewa ya mita 1,134

Injini ya petroli ni pampu ya hewa kabla ya kuwa kitu kingine chochote, kwa kuwa petroli haiungui bila hewa, na kiasi cha petroli ambacho silinda inaweza kuchoma kwa faida huamuliwa na uzito wa hewa iliyoingia ndani yake. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa asilimia 12 au 13 ikilinganishwa na ile ya Dar es Salaam au Mombasa, na kwa sababu hiyo gari lolote lenye injini inayovuta hewa yenyewe hufika Kigongo, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza katika Wilaya ya Misungwi, likiwa limekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya nane ya nguvu zilizoandikwa katika kitabu chake. Nairobi, kwenye mita zipatazo 1,795, hali ni mbaya zaidi, na katika miinuko ya Mau na Timboroa ni mbaya kupita Nairobi.

Nguvu hizo huhesabiwa kwa farasi, kipimo cha kazi inayofanyika kwa muda fulani, ambacho Wajerumani walikikadiria kuwa sawa na takriban wati 735. Gari lenye farasi 100 linapopunguziwa 13 dereva hulalamika kidogo kisha akaendelea na safari, lakini gari lenye farasi 30 hubaki na 26, na hao wanne waliopotea ndio hasa waliotegemewa kuvuka kilima. Hapo ndipo historia ya kuongeza nguvu za injini ndogo katika Afrika Mashariki inapoachana na ile ya Ulaya, maana huko ufundi huo ulizaliwa kama kutafuta ziada, ilhali huku ulianza kama kudai deni, yaani kurudisha kilichochukuliwa na mwinuko, na asili hiyo imeacha alama katika maamuzi ya mafundi hadi leo.

Kabla ya 1953: ufundi wa Ulaya

Njia za kuongeza nguvu ni chache na zilijulikana mapema. Ya kwanza ni kukuza ujazo wa silinda, ama kwa kupanua kipenyo chake ama kwa kurefusha mwendo wa pistoni. Ya pili ni kuongeza uwiano wa mgandamizo, yaani idadi ya mara ambazo mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa kabla ya plagi kuuwasha. Ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuiwezesha injini kupumua vizuri zaidi, kwa kabureta kubwa au mbili, valvu pana, njia za hewa zilizolainishwa, ekzosi isiyobana, na kamshafti, yaani ule mhimili unaofungua valvu, yenye visigino vinavyoziacha wazi kwa muda mrefu. Nyongeza inayotokana na njia hii ya tatu hupatikana zaidi injini ikizunguka kwa kasi kubwa, na mara nyingi hulipwa kwa udhaifu katika kasi ndogo. Jambo hili litarudi kila mara katika masimulizi yanayofuata.

Uingereza, shule ya ufundi huu ilikuwa Austin Seven, gari dogo lililotoka mwaka 1922 na kupata injini ya sentimita za ujazo 747, ambalo vijana wasio na fedha walilivua bodi na kulifanya la mashindano. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alijenga gari lake la kwanza juu ya fremu ya Austin Seven mwaka 1948. Italia ilikuwa na Carlo Abarth, aliyejipatia jina kwa ekzosi na vifaa vya kuzitia moto Fiat ndogo, na Ujerumani ilikuwa na Gerhard Oettinger, ambaye kampuni yake ya Okrasa ilianza kuuza vichwa vya injini vyenye kabureta mbili kwa ajili ya Volkswagen.

Volkswagen hiyo inastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo iliyofungua ukurasa wa Afrika Mashariki. Injini yake ya silinda nne, iliyolala nyuma na kupozwa kwa upepo wa feni badala ya maji, ilikuwa na sentimita za ujazo 1,131 na farasi 25 tu, kisha kuanzia mwaka wa modeli wa 1954 ikawa na 1,192 na farasi 30. Udhaifu huo ulikuwa wa makusudi. Wabunifu waliibana pumzi injini kwa kabureta moja ndogo iliyokaa katikati na bomba jembamba la hewa, huku kila jozi ya silinda ikigawana tundu moja la kuingizia mchanganyiko, ili gari liweze kukanyagwa mafuta hadi mwisho kutwa nzima bila injini kujiua. Oettinger alipokiondoa kichwa hicho na kuweka chenye tundu moja kwa kila silinda, aliiondolea kizuizi ambacho kilikuwa pia ulinzi wake.

1953–1962: mashindano ya magari ya dukani

Mwaka 1953, katika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliandaliwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, yakitokana na wazo la Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent. Yaliitwa Safari ya Kutawazwa, na kuanzia 1960 yakajulikana kama Safari ya Afrika Mashariki. Barabara zilikuwa za changarawe na udongo, mvua za masika zilikuwa sehemu ya mtihani, na umbali ulizidi kilomita 3,000.

Kanuni moja ya miaka hiyo ya mwanzo iliamua mwelekeo wa ufundi wote uliofuata. Magari yalitakiwa kuwa ya kawaida, kama mteja alivyoyakuta dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari katika Afrika Mashariki badala ya ukubwa wa injini, kwa kuwa wauzaji na wanunuzi walitaka kujua gari la shilingi ngapi linastahimili njia zao. Vichwa vya Okrasa na kamshafti za Abarth havikuwa na nafasi hapo. Fundi aliyetaka nguvu zaidi alilazimika kuzitafuta ndani ya kile kilichoruhusiwa, na kilichoruhusiwa ni uangalifu.

Uangalifu huo haukuwa jambo dogo. Kiwanda huunda vipuri kwa ukubwa unaoruhusiwa kupungua au kuzidi kidogo, hivyo pistoni nne za injini moja hazilingani uzito, vyumba vinne vya kuunguzia havilingani ujazo, na valvu hazifunguki kwa kiasi kilekile. Fundi aliyepima pistoni kwenye mizani na kuzisawazisha, akarekebisha nafasi za valvu kwa unene wa karatasi ya chuma, akategesha taimingi ya cheche kulingana na petroli iliyokuwapo, aliipata injini iliyoandikwa kitabuni, ambayo mara nyingi ilikuwa na nguvu kuliko ile iliyotoka kiwandani kwa kweli.

Kisha kulikuwa na jeti. Hii ni skrubu ndogo ya shaba nyeupe au njano ndani ya kabureta, yenye tundu jembamba sana, ambalo petroli hupitia kwenda kuchanganyika na hewa. Gari linapopanda kutoka pwani kwenda nyanda za juu, hewa huwa nyepesi lakini jeti huendelea kupitisha petroli karibu kama mwanzo, hivyo mchanganyiko huwa mzito kupita kiasi, plagi hufunikwa na masizi meusi, injini humisi, na nguvu hupungua zaidi ya vile mwinuko wenyewe ulivyokwisha kuchukua. Kubadilisha jeti na kuweka yenye tundu dogo zaidi ni kazi ya dakika chache kwa bisibisi, na inashangaza kuwa kipande hicho kisichozidi ukucha kilikuwa na thamani kubwa kwa gari dogo la nyanda za ziwa kuliko vifaa vingi vilivyosifiwa katika magazeti ya magari ya London.

Matokeo yanaonyesha injini ya aina gani ilifaa. Mwaka 1953 Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza. Mwaka 1954 walishinda Vic Preston na D.P. Marwaha kwa Volkswagen. 1957 ikawa zamu ya Gus Hofmann na Arthur Burton, na 1962 ya Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, wote wakiwa katika gari hilohilo lenye umbo la kobe, ambalo kufikia wakati wa ushindi wa mwisho lilikuwa na farasi 34. Kati yao, mwaka 1956, Eric Cecil mwenyewe akishirikiana na Tony Vickers alishinda kwa DKW ya silinda tatu isiyofikia sentimita za ujazo 900, yenye injini ya mipigo miwili, yaani ile ambayo kila silinda huwaka katika kila mzunguko na ambayo mafuta ya kulainishia huchanganywa na petroli. Mwinuko uliiibia kama ulivyoziibia nyingine, lakini kwa kuwaka mara mbili zaidi ilikuwa na sauti na msukumo wa gari lenye injini kubwa kuliko yake.

Hapa panafaa tahadhari kwa msomaji wa takwimu za zamani: farasi 30 wa Wajerumani waliitwa 36 na Wamarekani kwa injini hiyohiyo ya Volkswagen, kwa sababu Wamarekani walipima injini iliyovuliwa mizigo yake mingi, na mjadala mwingi wa gari lipi lina nguvu kuliko jingine ulikuwa mjadala wa mizani tu.

Vumbi la luseni

Kuna adui mwingine ambaye hakuandikwa katika vitabu vya Ulaya. Wasukuma wana majina ya udongo wao, na mawili kati ya hayo yana maana kwa fundi wa magari: mbuga, udongo mweusi wa mabondeni unaoshika matairi wakati wa mvua hadi gari likwame, na luseni, udongo wa kichanga unaotokana na kuchakaa kwa miamba ya matale iliyoipa Mwanza sura yake. Chembe za luseni ni ngumu kama glasi. Zikiingia katika silinda huwa msasa kati ya ringi za pistoni na ukuta, mgandamizo huvuja, mafuta ya injini huanza kuungua na moshi wa buluu hutoka nyuma, na farasi wote walionunuliwa kwa kazi ya uangalifu huondoka katika msimu mmoja wa kiangazi.

Gari la mashindano la Ulaya lilivuliwa kichujio cha hewa ili lipumue. Gari la Usukuma lililovuliwa kichujio lilikuwa limehukumiwa kifo. Volkswagen ilikuwa na kichujio cha bafu la mafuta, ambamo hewa hulazimishwa kugeuka juu ya bakuli la oili na kuacha vumbi humo, na kifaa hicho, kinachobana pumzi kidogo, kilikuwa sababu mojawapo ya injini zake kudumu. Nguvu zilizokubaliwa kupotea kwenye kichujio zilirudi kwa njia ya miaka.

1963–1973: kamshafti, sindano na Dar es Salaam

Muongo wa uhuru ulikuwa pia muongo ambao viwanda vyenyewe vilianza kuuza nguvu za nyongeza. Injini ya Mini, gari dogo lililobuniwa na Alec Issigonis na kutoka mwaka 1959 likiwa na sentimita za ujazo 848 na farasi 34, ilichukuliwa na John Cooper na kufikishwa farasi 55 mwaka 1961, kisha 76 katika toleo la S la sentimita za ujazo 1,275. Gari hilo lilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, lakini halikushinda Safari hata mara moja. Magurudumu ya inchi 10 na tumbo lililokaribia ardhi havikuwa na dawa katika kamshafti.

Ford ilifaulu pale Mini iliposhindwa. Cortina GT ya sentimita za ujazo 1,498 ilipewa kabureta ya Weber yenye makoo mawili, mgandamizo mkubwa zaidi, kamshafti kali na ekzosi ya matawi manne, ikatoka farasi wapatao 60 wa toleo la kawaida hadi 78, na mwaka 1964 Peter Hughes na Billy Young wakaishindisha. Mwaka uliofuata Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyelelewa na spana za karakana ya baba yake, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, ambayo waliitengeneza wenyewe; ni mfano bora wa ufundi wa uangalifu kuishinda fedha ya kiwanda.

Kwa Tanzania, hata hivyo, gari la muongo huo ni Peugeot 404. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam, na Chris Rothwell walishinda mwaka 1966 na tena 1967, na mwaka 1968, ambao magari saba tu yalifika mwisho, ushindi ulikwenda kwa Nick Nowicki na Paddy Cliff wakiwa na 404 vilevile. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 ilikuwa na jambo jipya: badala ya kabureta, pampu ya Kugelfischer iliyozungushwa na injini yenyewe ilipima petroli na kuisukuma kwa msukumo kwenye mlango wa kila silinda. Kila silinda ilipata mgao wake sawa, mtikisiko wa mashimo haukumwaga petroli kama unavyofanya kwenye bakuli la kabureta, na farasi waliongezeka bila injini kuwa kali. Kwa mtu wa karakana ya mtaani, pampu hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba ilipoharibika haikutengenezeka chini ya mwembe, ndiyo sababu 404 nyingi zilizobaki barabarani miaka iliyofuata ni zile za kabureta.

Kisha wakaja Wajapani. Datsun 1600 SSS yenye kabureta mbili na kamshafti iliyokaa juu ya kichwa cha injini ilishinda 1970 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 Safari ikaingizwa katika ubingwa wa dunia. Kuanzia hapo magari ya ushindi yalianza kuwa vitu ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuvinunua, na kuanzia katikati ya muongo njia za mashindano zilibaki ndani ya Kenya. Uzi wa hadithi ya injini ndogo ukahamia karakana.

1974–1985: nguvu ya kubaki barabarani

Bei ya mafuta iliyopaa baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikausha Tanzania fedha za kigeni. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, vipuri viliadimika, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana ili kubana petroli.

Ingetarajiwa kuwa ufundi wa kuongeza nguvu ungekufa katika hali hiyo, lakini ulijifunza mambo ambayo wakati wa neema haukuyahitaji. Silinda iliyoliwa na vumbi haikuwa na ya kubadilishia, hivyo ilipelekwa kwa mkerezaji ikapanuliwa ili ipokee pistoni kubwa zaidi, na pistoni hiyo haikuwa lazima iwe ya gari lilelile, ilimradi kipenyo, kimo cha pini na urefu wake vingeweza kulazimishwa kukubaliana. Kila upanuzi wa namna hiyo uliongeza ujazo kidogo, na kwa hiyo gari lililokwenda kutibiwa uchakavu lilirudi na nguvu ambazo halikuwa nazo. Kizazi cha mafundi kilijifunza kwa njia hiyo kusoma injini kwa vipimo vyake badala ya jina lililoandikwa kwenye boneti, na elimu hiyo ndiyo iliyokuwa tayari soko lilipofunguliwa.

1984–2005: familia ya K

Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka, na baada ya mageuzi ya 1986 mlango ukafunguka zaidi. Magari yaliyotumika Japani, yenye usukani upande wa kulia kama sheria ya Tanzania inavyotaka, yalianza kushuka bandarini, na pamoja nayo zikaja injini zilizotumika, zikiuzwa peke yake zikiwa na giaboksi. Gari dogo lililotawala ni Toyota Corolla, na moyo wa Corolla za zamani ni familia ya injini inayoitwa K, iliyoanza mwaka 1966 na Corolla ya kwanza ya sentimita za ujazo 1,077.

Vipimo vya familia hii vinaeleza jambo zima. Injini ya 3K ina kipenyo cha silinda cha milimita 75 na mwendo wa pistoni wa milimita 66, hivyo ujazo wake ni sentimita 1,166. 4K imebakiza kipenyo hichohicho lakini mwendo umerefushwa hadi 73, na ujazo ukawa 1,290. 5K imebakiza mwendo wa 73 na kupanua kipenyo hadi 80.5, na ujazo ukafikia 1,486. Kwa kuwa ni ndugu, zinaelekea kukubali kukaa mahali pamoja na kufungwa giaboksi za familia moja, na 5K ilikuwa ikipatikana chini ya viti vya vigari vya mizigo na abiria vya LiteAce na TownAce. Kupandikiza injini ya kigari cha mizigo katika Corolla ndogo kulionekana na watu wa mashindano kuwa jambo la aibu, lakini hesabu ilikuwa upande wa fundi: kutoka 1,290 hadi 1,486 ni ongezeko la asilimia 15, na asilimia 15 ndiyo hasa inayohitajika kuirudishia injini kile ambacho mwinuko wa ziwa umekiondoa. Zaidi ya hayo, injini iliyoundwa kuvuta mzigo ina nguvu zake chini, katika mizunguko michache, mahali ambapo gari la barabara ya udongo hutumia maisha yake.

Asiyekuwa na fedha ya injini nyingine aliskimu kichwa, yaani alikipeleka kiparuliwe kwa mashine ili vyumba vya kuunguzia vipungue na mgandamizo upande. Fundi makini hakukisia. Alikilaza kichwa juu chini, akafunga valvu na plagi, akapaka grisi kwenye kingo za chumba na kukifunika kwa kipande cha kioo kizito chenye tundu, kisha akadondosha mafuta ya taa kwa bomba la sindano hadi kiputo cha mwisho cha hewa kikaondoka, akasoma ni mililita ngapi zimeingia, na kujumlisha nafasi ya gasketi. Silinda moja ya 4K ina takriban sentimita za ujazo 322. Ikiwa nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni 40, mchanganyiko hubanwa mara 9. Ili ubanwe mara 10 nafasi hiyo lazima ishuke hadi karibu 36, na sentimita hizo nne na nukta kidogo hupatikana kwa kuparua milimita moja hivi. Aliyeparua mbili kwa tamaa alikuta valvu zinabusu pistoni.

Hapo mwinuko, ambao katika kurasa zote zilizopita umekuwa mwizi, uligeuka mshirika. Mgandamizo mkubwa huleta hatari ya injini kugonga, yaani mchanganyiko kujilipua kabla ya wakati kwa joto na msukumo, na hatari hiyo ni kubwa petroli inapokuwa na oktani ndogo, oktani ikiwa ni kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa. Lakini silinda inayoanza na hewa pungufu kwa asilimia 13 huishia na msukumo mdogo, kiasi kwamba mgandamizo wa 10 kando ya ziwa unakaribia kulingana na wa 9 ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Injini iliyoskimiwa Mwanza ilikimbia vizuri Shinyanga, Tabora na Dodoma, zote zikiwa juu ya mita 1,000, kisha ikishuka kwenda Dar es Salaam ilianza kulia kama kopo lenye kokoto kila ilipokanyagwa, na fundi wa pwani asiyejua ilikotoka angeapa kwamba imeharibiwa na mjinga.

Baada ya risasi

Mkutano wa Dakar wa mwaka 2001 ulikubaliana kuondoa risasi katika petroli ya Afrika kusini mwa Sahara, na kufikia mwanzo wa 2006 jambo hilo lilikuwa limetekelezwa. Kwa afya ya watoto wa mijini hakuna wa kubishana nalo. Kwa injini za zamani za vichwa vya chuma cha kusubu lilikuwa na gharama, kwa kuwa risasi ilikuwa inapandisha oktani kwa bei nafuu na pia kuacha utando uliolinda viti vya valvu. Bila utando huo, valvu ya moshi huanza kujichimbia ndani ya kiti chake, nafasi yake hujifunga, na mgandamizo hutoroka. Dawa ni kuchimba viti vya zamani na kupachika pete za chuma kigumu, kazi ambayo tangu hapo imekuwa sehemu ya kawaida ya kuihuisha injini ya gari la kale.

Wakati huohuo magari yaliyoingia yalikuwa na mfumo wa petroli unaoongozwa kwa umeme, ambao kihisio chake hupima kanieneo ya hewa na kupunguza petroli chenyewe gari linapopanda, hivyo jeti ikapoteza kazi iliyoifanya kwa nusu karne. Toyota Starlet ya GT Turbo, na baadaye Glanza, ilikwenda mbali zaidi: katika injini ya sentimita za ujazo 1,331 moshi wenyewe huzungusha tabo, feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya silinda, na farasi hufika 135 kwa takwimu za kiwanda. Tabo hujali mwinuko kwa kiasi kidogo tu, kwa sababu inaweza kuzunguka kasi zaidi ili kufidia hewa nyembamba. Deni lililodaiwa tangu 1953 lilikuwa limepata mlipaji, japo riba yake ni joto, na joto lina historia yake ya pekee Kigongo.

Pantoni na daraja

Kwa miongo mingi njia ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita ilikatika Kigongo, ambako magari yalipanga foleni kusubiri pantoni ya kuvuka ghuba hadi Busisi. Foleni hiyo ilikuwa mtihani usiotajwa katika kitabu chochote cha kuongeza nguvu. Injini iliwaka na kuzimwa mara kadhaa juani, gari likasogea urefu wa gari moja na kusimama tena, bila upepo wa mwendo kupita kwenye rejeta, na injini iliyobanwa sana au yenye tabo ilichemsha huku Corolla isiyoguswa jirani yake ikitulia. Kisha lilifuata bamba la chuma la kupandia, lenye utelezi wa maji na mteremko wa ghafla, ambalo lilitaka gari lipande polepole kama mtu anayebeba mtungi. Kamshafti kali, ile inayoacha valvu wazi muda mrefu, haina pumzi katika mizunguko hiyo michache. Gari lenye nayo ama lilizimika katikati ya bamba ama lilipandishwa kwa kuunguza klachi, mbele ya abiria wa miguu wenye maoni.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, baada ya ujenzi ulioanza mwaka 2020. Foleni ya pantoni ikaisha, na pamoja nayo likaisha lile pumziko la lazima juu ya pantoni ambalo injini nyingi za zamani zilikuwa zikilipata bila mwenyewe kujua. Gari linalotoka Mwanza kwa mwendo wa lami sasa huvuka ghuba bila kubadilisha gia na kuendelea hadi Geita, likidai mafuta ya injini yasiyopoteza uzito wake kwa joto, rejeta isiyo na tope ndani, na petroli inayofika kwa wingi uleule kilomita baada ya kilomita. Katika Corolla ya kabureta, petroli hiyo bado hupita katika tundu la jeti, na hewa inayoingia juu ya maji ya ghuba ni ileile nyepesi, kwa hiyo fundi anayeiandaa kwa safari hiyo huanza kwa kufungua plagi nne, kuzipanga juu ya kitambaa na kuangalia rangi: nyeusi, apunguze jeti, nyeupe, aongeze, ya udongo wa kichuguu, afunge boneti.